Lugha Ngeni Kwenye Skrini na Gemu Linalojifunga: Matatizo Mawili Yanayodhaniwa Kuwa Moja

Mtu anayewasha laptopu yake ya magemu akakuta menyu imejaa vijisanduku vitupu, au maandishi ya Kichina ambayo hakuyaomba, na dakika chache baadaye gemu likajifunga lenyewe, huamini kwa urahisi kwamba ana tatizo moja. Imani hiyo hupoteza muda mwingi kuliko hitilafu yenyewe. Mwenye laptopu hubadilisha lugha ya mfumo mzima akitumaini gemu litatulia, au hufuta draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya michoro akitumaini herufi zitasomeka, na jioni inakwisha akiwa na matatizo yote mawili pamoja na la tatu alilolitengeneza mwenyewe. Ukweli ni kwamba lugha na kujifunga kwa gemu mara nyingi ni mambo mawili yaliyokutana kwenye mashine moja kwa bahati tu. Hata hivyo zipo sehemu chache, zinazojulikana vizuri, ambapo mpangilio wa lugha ndio hasa unaoliua gemu, na anayezifahamu sehemu hizo anaweza kuyatenganisha mambo haya kwa jaribio moja lisilogharimu chochote. Maelezo yanayofuata yanahusu Windows, kwa kuwa ndio mfumo unaokuja na laptopu nyingi za aina hii.

Sura tatu za maandishi yasiyosomeka

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, tazama kwa makini maandishi yenyewe, kwa sababu "lugha ngeni" ina sura tatu na kila moja ina chanzo chake.

Sura ya kwanza ni maandishi kamili na safi, ila kwa lugha usiyoisoma. Hapa hakuna kilichoharibika. Kuna mahali lugha imechaguliwa, na kazi ni kupajua. Gemu linaweza kuichukua lugha yake kutoka kwenye lugha ya maonyesho ya Windows, kutoka kwenye nchi iliyotajwa katika mipangilio ya eneo, kutoka kwenye programu inayolifungua kama Steam, au kutoka kwenye faili lake lenyewe la mipangilio. Mara nyingi hizo mbili za mwisho ndizo zenye kauli, na ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha lugha ya Windows mara kadhaa na gemu lisitikisike. Katika Steam, bofya jina la gemu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, na humo utakuta sehemu ya lugha. Gemu lisilopitia programu ya namna hiyo kwa kawaida huacha faili lenye kiishio cha .ini au .json katika folda ya nyaraka au ya data za programu. Lifungue kwa Notepad, tafuta mstari wenye neno language, na ubadilishe thamani yake baada ya kuhifadhi nakala ya faili.

Ikiwa ni Windows nzima iliyo katika lugha usiyoijua, hali inatisha kuliko inavyostahili, kwa sababu amri za Windows hazibadiliki kwa lugha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ms-settings:regionlanguage, kisha Enter, na utafika moja kwa moja kwenye ukurasa wa lugha bila kupita menyu hata moja. Chaguo la juu kabisa katika ukurasa huo ndilo la lugha ya maonyesho. Lisipokubali lugha nyingine, huenda laptopu ilitoka kiwandani ikiwa na toleo la Windows lililofungwa kwa lugha moja. Hilo nalo linathibitika bila kusoma neno lolote la kigeni: fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa mamlaka ya msimamizi, andika dism /online /get-currentedition, na usome jina linalotokea. Core ni toleo la kawaida la nyumbani, CoreSingleLanguage ni lile la lugha moja, na CoreCountrySpecific ni lile la soko la China. Kwenye matoleo haya mawili ya mwisho, kuhangaika na mipangilio hakutoshi. Njia ni kupandisha toleo la Windows au kusakinisha upya. Programu za mtengenezaji za kudhibiti feni na taa za kibodi, pamoja na BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), huwa na mipangilio yao ya lugha isiyofuata ile ya Windows, kwa hiyo zikibaki na lugha ya zamani usidhani kwamba badiliko limeshindikana.

Sura ya pili ni vijisanduku vitupu. Maana yake ni kwamba programu inaijua herufi inayotakiwa, lakini fonti inayotumika haina umbo lake. Maandishi yako salama, kinachokosekana ni picha ya kuyaonyesha. Tangu Windows 10, baadhi ya fonti za lugha za Asia na nyinginezo ziliondolewa kwenye usakinishaji wa kawaida na kuwekwa kama nyongeza za hiari, na huletwa pale unapoongeza lugha husika au unapoziomba katika orodha ya vipengele vya hiari. Kuziongeza hakudhuru kitu. Lakini ikiwa gemu limekuja na fonti yake ndani ya mafaili yake, fonti za Windows hazitalisaidia, na hapo anayeweza kurekebisha ni aliyelitengeneza.

Sura ya tatu ndiyo yenye mengi: herufi zilizovurugika, mfululizo wa alama zisizo na maana katika lugha yoyote. Ili kuielewa inabidi kurudi nyuma kidogo. Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba, na lazima liwepo jedwali linalosema namba ipi ni herufi ipi. Jedwali la ASCII la mwaka 1963 lilikuwa na nafasi 128 tu, zilizotosha Kiingereza na lugha nyingine chache ambazo herufi zake ni hizo hizo. Lugha nyingine zikajitengenezea majedwali yao, na Windows ikayapa namba: 932 la Kijapani, 936 la Kichina kilichorahisishwa, 949 la Kikorea, 1251 la Kirusi na lugha jirani zake, 1252 la lugha za Ulaya Magharibi. Namba ile ile ya baiti (kipande kidogo cha data kinachobeba namba moja) ina herufi tofauti katika kila jedwali. Mwaka 1991 likatoka toleo la kwanza la Unicode, lililokusudia kuipa kila herufi ya kila lugha namba yake isiyogongana na nyingine, na mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, namna ya kuziandika namba hizo, leo kwa baiti moja hadi nne, huku zile 128 za ASCII zikibaki kama zilivyokuwa.

Chukua jina José. Katika UTF-8, herufi ya mwisho huandikwa kwa baiti mbili, C3 na A9. Programu inayodhani kwamba inasoma jedwali 1252 itazichukua kama herufi mbili tofauti na kuonyesha José. Kinyume chake, herufi hiyo hiyo katika 1252 ni baiti moja, E9, ambayo ikiwa peke yake haina maana katika UTF-8, na programu itaweka pembenne nyeusi yenye alama ya kuuliza ndani yake. Kwa hiyo hata aina ya uharibifu inakueleza ni upande upi uliokosea. Alama za kuuliza za kawaida zilizopangana ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa maana yake ni kwamba herufi zilikwisha tupwa wakati wa kugeuzwa kutoka jedwali moja kwenda jingine, na hakuna mpangilio utakaozirudisha.

Magemu ya kisasa hutumia Unicode na hayana shida hii. Shida huja na magemu ya zamani, na yale yaliyotengenezwa kwa soko la nchi moja, ambayo humuuliza Windows "jedwali la mashine hii ni lipi?" na kulitumia jibu hilo bila kujali. Jibu hilo hupangwa mahali pamoja: andika intl.cpl katika kisanduku kile kile kinachofunguka kwa kitufe cha Windows pamoja na R, nenda kichupo cha mwisho, na sehemu ya chini ya kichupo hicho ndiyo ya programu zisizotumia Unicode. Ukichagua Kijapani hapo, gemu la zamani la Kijapani litasomeka baada ya kuwasha mashine upya, wala Windows yenyewe haitageuka kuwa ya Kijapani. Lakini chaguo hili ni la mashine nzima na la watumiaji wote, na kwa maoni yangu ni busara zaidi kutumia zana kama Locale Emulator, inayolidanganya gemu moja tu kuhusu jedwali la mashine na kuziacha programu nyingine katika hali yake.

Pale lugha inapoliua gemu

Sasa tufike kwenye sehemu ambapo mambo haya mawili yanakutana kweli. Ya kwanza, na inayonipa wasiwasi kuliko zote kwa jinsi ilivyofichika, ni majina ya folda.

Kila mtumiaji wa Windows ana folda yake ndani ya C:\Users, na magemu huhifadhi humo mipangilio na hatua za mchezaji. Ikiwa folda hiyo ina jina lenye herufi zilizo nje ya ASCII, gemu linalotumia jedwali la zamani linaweza kushindwa kulifikia faili lake, na mengi hayakuandikwa kushughulikia kushindwa huko kwa upole. Hujifunga tu, mara nyingi kabla hata ya menyu kutokea. Mfano wa Kijapani unaonyesha vizuri jinsi kosa linavyozaliwa. Herufi ソ katika jedwali 932 huandikwa kwa baiti mbili, 83 na 5C. Lakini 5C katika ASCII ndiyo mkwaju wa kinyume (\), alama ambayo Windows huitumia kutenganisha folda. Programu inayosoma baiti moja moja ikikutana na folda inayoitwa ソフト huona mkwaju katikati ya herufi ya kwanza, ikaamini kwamba hapo folda moja imekwisha na nyingine imeanza, na kwenda kutafuta mahali ambapo hapajawahi kuwapo.

Wengi hujaribu kulitibu hili kwa kubadilisha jina la akaunti katika mipangilio. Jina linaloonekana hubadilika, ila folda iliyo ndani ya C:\Users hubaki na jina la siku ilipotengenezwa, na gemu huendelea kujifunga kama mwanzo. OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, huongeza utata wake. Katika Windows iliyo katika lugha nyingine, jina la folda ya nyaraka unaloliona kwa kawaida ni pambo tu, na jina halisi kwenye diski ni Documents. Folda hiyo ikihamishiwa OneDrive, jina la lugha ile huweza kuwa ndilo jina halisi, na gemu lililokuwa likienda vizuri likaanza kujifunga siku ambayo mwenye mashine alikubali kuhifadhi nakala mtandaoni.

Ya pili ni namna ya kuandika namba. Mipangilio ya eneo huamua kama sehemu ya desimali hutengwa kwa nukta au kwa mkato. Tuseme faili la gemu limeandikwa kasi ya kipanya ni 0.75, na mtengenezaji alisahau kuiambia programu isome namba kwa kanuni moja popote duniani. Chini ya kanuni za Kijerumani, ambazo hutumia nukta kutenga maelfu, namba hiyo inaweza kusomwa kuwa 75, na kamera ya gemu ikazunguka kama kichaa. Chini ya kanuni za Kifaransa, ambazo nukta haina kazi hiyo, usomaji unaweza kushindwa kabisa na gemu likajifunga. Kituruki kina mtego wake: I kubwa ikigeuzwa kuwa ndogo kwa kanuni zake hutoa ı isiyo na nukta, hivyo gemu linalogeuza CONFIG.INI kuwa herufi ndogo linaishia kulitafuta faili liitwalo confıg.ını, ambalo halipo.

Ya tatu ni kisanduku kinachopendekezwa sana na watu wasiofikiri matokeo yake. Tangu Windows 10 ya mwaka 2018, katika dirisha lile lile la jedwali la programu zisizotumia Unicode kuna kisanduku cha kuifanya UTF-8 kuwa jedwali la mashine nzima, chenye alama kwamba kingali katika majaribio. Kukiteua huponya programu fulani. Lakini programu za zamani zilizoandikwa kwa kuamini kwamba herufi haiwezi kuzidi baiti mbili hupewa ghafla herufi za baiti tatu au nne, na zilizotenga nafasi ndogo kwenye kumbukumbu huweza kuandika nje ya nafasi hiyo na kujifunga. Kwa hiyo ikiwa magemu yalianza kujifunga baada ya mtu "kurekebisha lugha", angalia kisanduku hicho kabla ya kitu kingine chochote, na kama hakuna programu unayoijua kwa jina inayokihitaji, kiondolee alama.

Ya nne ni ndogo lakini humsumbua mchezaji kila siku. Mashine ikiwa na lugha zaidi ya moja za kibodi, Alt ya kushoto pamoja na Shift hubadilisha lugha, na vitufe hivyo ndivyo vidole vya mchezaji hukaa muda wote. Ghafla vitufe vinatoa herufi nyingine, kidirisha cha kuandikia Kichina au Kijapani kinachomoza juu ya gemu, na gemu linalotawala skrini yote linaweza kupunguzwa au kuganda. Dawa ni kuzima njia hiyo ya mkato katika mipangilio ya juu ya kibodi, au kuondoa kibodi usizozitumia.

Jaribio linalotenganisha

Jaribio lenyewe ni hili. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike net user mchezaji /add, ili kutengeneza akaunti mpya yenye jina la herufi za kawaida tupu. Ingia kwa akaunti hiyo, weka kanuni za eneo ziwe za Kiingereza cha Marekani kupitia intl.cpl, kiondolee alama kisanduku cha UTF-8 ikiwa kilikuwa nayo na uwashe mashine upya, kisha sakinisha gemu katika folda fupi kama D:\Games isiyo chini ya OneDrive. Usiguse draiva wala kitu kingine chochote, kwa sababu ukibadilisha na draiva hutajua kilichosaidia. Cheza kama ulivyokuwa ukicheza. Gemu likitulia, yaelekea chanzo kilikuwa katika moja ya hizo sehemu ulizobadilisha, na unaweza kuzirudisha moja moja mpaka ajulikane mkosaji. Likiendelea kujifunga vile vile, liache kabisa suala la lugha, kwa kuwa sasa unashughulika na draiva, joto, umeme au kifaa.

Kuusoma mwisho wa gemu

Upande huu wa pili, swali la kwanza ni namna gemu lilivyoisha. Gemu kufungwa peke yake huku Windows ikiendelea ni tofauti na skrini kuwa nyeusi kisha kurudi, na vyote viwili ni tofauti na skrini ya bluu au mashine kuzimika kama iliyokatiwa umeme.

Kumbukumbu za matukio hupatikana kwa amri ya eventvwr.msc, na historia nyepesi zaidi kwa perfmon /rel. Hata kama dirisha zima liko katika lugha usiyoijua, unachohitaji hakijatafsiriwa: namba za matukio, majina ya mafaili na misimbo ya makosa ni ile ile kote. Katika kundi la pili la safu ya kushoto, tawi la kwanza ni la programu na la nne ni la mfumo. Kwenye lile la kwanza tafuta tukio namba 1000, linalotaja programu iliyojifunga, faili lililokuwa likifanya kazi wakati huo, na msimbo. Msimbo 0xc0000005 maana yake programu iligusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa, jambo lenye vyanzo vingi, kwa hiyo jina la faili ndilo la kulizingatia zaidi. 0xc0000135 ni faili la maktaba lililokosekana, na 0xc000007b kwa kawaida ni mchanganyiko wa mafaili ya biti 32 na 64. Yote mawili hutengenezwa kwa kuthibitisha mafaili ya gemu na kusakinisha upya maktaba linazozitegemea. Faili likiwa ntdll.dll halikuelezi kitu, kwani karibu kila programu hupita hapo.

Skrini iliyokuwa nyeusi ikarudi huambatana na tukio namba 4101 kwenye tawi la mfumo. Windows huisubiri kadi ya michoro kwa sekunde 2, na isipojibu huianzisha upya draiva yake. Ikishindwa hata hilo, hutokea skrini ya bluu yenye namba 0x116. Hapa ndipo mahali halali pa kuondoa draiva yote na kuweka nyingine safi, kwa kuanzia na ile ya mtengenezaji wa laptopu, kwa kuwa laptopu nyingi za magemu zina kadi mbili za michoro zinazopokezana na draiva zake zinapaswa kuelewana.

Mashine ikizimika ghafla utakuta tukio namba 41 kutoka Kernel-Power, na watu wengi hulisoma kama ugunduzi wa chanzo. Halisemi hivyo. Linasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Fungua maelezo yake na utazame BugcheckCode: ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, dalili ya umeme kukatika, joto kupita kiasi, au mashine kuganda mpaka mtu akabonyeza kitufe cha kuzima. Angalia basi chaja. Laptopu inayohitaji wati 230 ikipewa chaja ya USB-C ya wati 65 inaweza kuonyesha kwamba inachaji huku betri ikiendelea kupungua chini ya mzigo wa gemu. Angalia vumbi kwenye matundu ya feni, na upime joto wakati gemu linaendelea, maana prosesa nyingi za laptopu hujipunguza kasi zinapokaribia nyuzi 100 za selsiasi na hujizima zikipita mpaka wao. Vyote vikiwa sawa, endesha mdsched.exe ipime kumbukumbu ya RAM, hasa ikiwa kuna kipande kilichoongezwa hivi karibuni.

Mafaili ya Windows yenyewe hukaguliwa kwa sfc /scannow, baada ya DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth. Inafaa kufanya hivyo ikiwa lugha zimewekwa na kuondolewa mara nyingi, kwa kuwa vifurushi vya lugha ni sehemu ya mfumo na usakinishaji wake uliokatika njiani huacha mabaki.

Na ikiwa imefika mahali pa kusakinisha upya, hasa kwa toleo la lugha moja, chagua lugha unayoisoma kwenye skrini ya kwanza kabisa ya usakinishaji, kisha tengeneza akaunti ya kwanza kwa jina fupi la herufi za kawaida. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, Windows huipa folda ya mtumiaji jina la herufi za mwanzo za anwani yako ya barua pepe, ambazo kwa kawaida ni salama. Jina lako kamili, lenye alama zake zote, unaweza kuliweka baadaye kama jina la kuonekana, nalo halitaigusa folda.